Rafiki Asiye na Jina

Juma hili tumeitazama tena filamu iitwayo Julia, iliyotengenezwa mwaka 1977 chini ya uongozi wa Fred Zinnemann. Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba, ingawa tulikwisha kuyajua mambo tutakayoyaeleza hapa chini, machozi yalitulengalenga pale pale yalipotulengalenga mara ya kwanza.

Mwaka ni 1937. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, Lillian, yumo katika treni akielekea Moscow kwa njia ya Berlin, mji ulio chini ya Hitler. Kichwani amevaa kofia ya manyoya, na ndani ya bitana ya kofia hiyo zimeshonwa fedha za kuwakomboa watu walio mikononi mwa Manazi. Mwenye kuzihitaji fedha hizo ni Julia, rafiki yake wa tangu utotoni, binti wa matajiri aliyeupa kisogo utajiri wa kwao akajiunga na wapinzani wa Ufashisti huko Vienna. Wanakutana katika mkahawa ulio karibu na stesheni, kwa dakika chache tu. Hapo Lillian anatambua kwamba mwenzake amekatwa mguu. Julia anamweleza kuwa anaye mtoto wa kike, na kwamba amempa jina la Lilly. Kofia inahama mkono, treni haingoji, na wawili hao hawaonani tena. Julia anauawa mwaka uliofuata.

Filamu za namna hii ni chache. Katika sinema nyingi wanawake wawili wakiwekwa mbele ya kamera huwa wanamgombea mwanamume mmoja. Hapa wanaaminiana, na mmoja anahatarisha maisha yake kwa sababu mwenzake amemwomba. Mabibi zetu wangeifahamu habari hiyo bila ya kutafsiriwa. Zamani yalikuwapo mjini Unguja maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, aghalabu ya filamu za Kihindi, nao walikwenda makundi kwa makundi, kila mmoja na shoga yake. (Neno shoga tunalitumia kwa maana yake ya visiwani, yaani rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, wala hatuoni sababu ya kunyang'anywa neno letu.) Walilia pamoja gizani, wakarudi majumbani wakisimuliana yale waliyoyaona kana kwamba yametokea mtaani kwao.

Lakini habari ya Julia haikuletwa kwa watu kama hadithi ya kutungwa. Lillian ni mtu halisi, naye ni Lillian Hellman, mwandishi mashuhuri wa Marekani, na kisa hicho alikieleza yeye mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake kiitwacho Pentimento, kilichotoka mwaka 1973. Jina hilo ni neno la wachoraji. Rangi ya picha ikizeeka huanza kupenyeza nuru, na mistari ya kwanza, ile ambayo mchoraji aliibadili nia akaifunika, huonekana tena chini yake. Tangu hapo msomaji alipewa ahadi kwamba chini ya rangi ataoneshwa mistari ya kweli.

Filamu ilipata sifa kubwa. Katika tuzo za Oscar za mwaka 1978 ilishinda mara tatu: Vanessa Redgrave aliyeigiza Julia, Jason Robards aliyeigiza Dashiell Hammett, na Alvin Sargent aliyeuandika mchezo wenyewe. Jane Fonda ndiye aliyeigiza Lillian. Wako wasomaji wanaoukumbuka usiku ule kwa jambo jingine. Redgrave alikuwa amegharimia filamu juu ya Wapalestina, na kwa ajili hiyo watu walikusanyika nje ya ukumbi wakimpinga, naye akasimama jukwaani akawashukuru wenzake kwa kutoyumbishwa na vitisho vya Wazayuni wale. Alizomewa, wala hakurudi nyuma. Ujasiri wake huo ulionwa na ulimwengu mzima, na walioushuhudia hawana shaka ni wa nani. Tunautaja kwa makusudi, kwa kuwa ujasiri wa yule Julia aliyemwigiza ndio unaotutatiza.

Mwandishi mwingine wa Kimarekani, Mary McCarthy, alihojiwa na Dick Cavett katika televisheni, mahojiano yaliyorushwa Januari 1980. Akasema juu ya Hellman kwamba kila neno aliloliandika ni uongo, hata vile viunganishi vidogo visivyo na maana vikisimama peke yake. Hellman akamfungulia mashtaka ya kashfa, akidai dola 2,250,000 kutoka kwake, kwa mtangazaji na kwa kituo cha televisheni. Kesi ilikokotwa kwa miaka mingi. Mdai akafariki tarehe 30 Juni 1984, wasimamizi wa mirathi yake wakaiacha, na mahakama haikupata kusema nani mkweli.

Jawabu lilitoka kwingine. Mwaka 1983 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Muriel Gardiner, alitoa kumbukumbu zake, na kichwa cha kitabu kilikuwa lile jina la siri alilolitumia, yaani Mary. Alizaliwa Chicago mwaka 1901 katika ukoo wa matajiri wa biashara ya nyama. Alikwenda Vienna mwaka 1926 kutafuta tiba ya nafsi iliyoasisiwa na Freud, kisha akaanza masomo ya udaktari. Februari 1934 serikali ya Austria ilipowapiga wajamaa kwa mizinga na kukipiga marufuku chama chao, Gardiner aliingia katika kazi ya siri. Aliwaficha watu waliokuwa wakitafutwa, alipitisha fedha na pasipoti za bandia mipakani, na akawadhamini wengi ili wapate njia ya kutoka. Aliolewa na Joseph Buttinger, kiongozi wa wajamaa hao waliofanya kazi chini kwa chini. Manazi walipoiteka Austria Machi 1938 hakukimbia mara moja. Alibaki akitoa watu, akamaliza shahada yake ya udaktari, ndipo akaondoka.

Msomaji ameshaona tulikofika. Mwanamke wa Kimarekani, binti wa matajiri, mwanafunzi huko Vienna, mjamaa, mwenye mtoto wa kike, mpitisha fedha na pasipoti: hayo yote ni ya Julia, na yote ni ya Gardiner. Ila Gardiner hakukatwa mguu na hakuuawa. Aliishi hadi mwaka 1985. Na lililo kubwa zaidi, yeye na Lillian Hellman hawakupata kuonana hata siku moja.

Basi habari zilifikaje kwa Hellman? Alikuwapo wakili aitwaye Wolf Schwabacher. Wakili huyo alikuwa wa Hellman, na kwa miaka zaidi ya kumi jamaa yake na jamaa ya Gardiner walishirikiana nyumba moja kubwa huko New Jersey. Gardiner mwenyewe alisema kwamba Schwabacher alikuwa akimsimulia mara kwa mara habari za Hellman. Haihitaji mtu kupiga ramli kufahamu kwamba msimulizi wa namna hiyo husimulia pande zote mbili. Pentimento kilipotoka, rafiki zake walianza kumwuliza: Je, Julia si wewe? Mwaka 1976 akamwandikia Hellman barua ya adabu, isiyo na shutuma, na jawabu hakuletewa. Hellman baadaye alisema barua hiyo hakuipata. Gardiner akamwuliza pia mkuu wa hifadhi ya kumbukumbu za wapiganaji wa Austria huko Vienna kama alimjua Mmarekani mwingine wa kike aliyefanya kazi ile. Akajibiwa kuwa walimjua mmoja tu, naye ni Mary.

Hellman alishikilia mpaka mwisho kwamba Julia wake alikuwa mtu mwingine. Jina la mtu huyo hakulitaja. Juni 1984, kabla ya kifo chake, jarida la Commentary lilitoa makala ya Samuel McCracken aliyekaa na ratiba za treni na za meli akizilinganisha na safari zilizomo kitabuni, na safari hizo zikakataa kuingia katika ratiba. Hata Zinnemann, mtu ambaye wazazi wake waliuawa na Manazi na ambaye aliitengeneza filamu ile kwa moyo wake wote, alikuja kusema kwamba Hellman alikuwa na tabia ya kujichora ndani ya matukio ambayo hayakuwa kweli.

Hatuandiki haya kwa kumdharau Hellman. Mwaka 1952, alipoitwa mbele ya Kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, alikataa kuwataja wenzake ili kujiokoa yeye, na wengi waliokuwa wakubwa kuliko yeye walitaja. Heshima hiyo ni yake. Tunachokisema ni kwamba kuna kunyamaza kwa kumlinda aliye hai, na kuna kunyamaza kwa kumzuia aliye hai asijulikane. Mwaka 1973 Manazi walikuwa wameanguka kwa miaka 28. Kama Julia alikuwapo, basi kutajwa kwa jina lake ndilo kaburi pekee ambalo rafiki yake angeweza kumjengea.

Tulipokuwa wadogo, kabla ya kuingia shule ya serikali, tulikaa juu ya mkeka chuoni, na mwalimu alitufunza kwamba hadithi ya Mtume haipokewi kwa utamu wake. Huulizwa kwanza sanad yake: fulani kaipokea kwa nani, naye kwa nani, wakutane lini na wapi. Ikiwa wawili katika mnyororo huo haikuthibiti kwamba walionana, habari hushuka daraja, hata maneno yake yawe ya dhahabu. Wala mwanamke hakuachwa nje ya mnyororo. Bibi Aisha ni miongoni mwa waliopokewa hadithi nyingi kabisa. Tulipoyasoma mashindano ya Hellman na McCarthy tulishangaa kuona mabingwa wa mataifa makubwa wakihangaika na swali ambalo watoto wa chuoni wangelianza nalo. Hellman na Gardiner hawakuonana. Mnyororo umekatika hapo.

Atatokea wa kutuambia kwamba filamu ni filamu. Ni kweli, nasi hatuna ugomvi na watengeneza filamu. Kumbukumbu za Susanna Kaysen, mwanamke wa Kimarekani aliyeeleza mwaka 1993 maisha yake na wasichana wenzake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, zilipofanywa filamu mwaka 1999, watengenezaji waliongeza kutoroka usiku ambako kitabuni hakumo. Mtazamaji akitaka kujua lililotokea, kitabu kipo na mwenyewe amekitia sahihi. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Filamu ya Julia nayo haikumwibia Gardiner, ilikiamini kitabu. Lawama iko kwa aliyeandika "mimi nilikuwapo".

Wala hatudai kumbukumbu isiyokosea, maana kukosea ni desturi ya kumbukumbu. McCarthy huyo huyo mwenye ulimi mkali alipoandika habari za utoto wake, kitabu kilichotoka mwaka 1957, aliweka baada ya sura zake maelezo ya kujisahihisha: hapa nadhani nimechanganya, hili ndugu yangu analikumbuka vingine, mazungumzo haya nimeyatunga. Kwetu visiwani, Bibi Salme binti Said alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Yamo humo maneno tusiyoyakubali hata kidogo, yakiwamo ya kuutetea utumwa. Lakini anapoeleza jinsi mapenzi yake kwa dada yake Khole yalivyomtumbukiza katika njama ya mwaka 1859 dhidi ya Seyyid Majid, naye ndiye aliyekuwa akiziandika barua za wanjama, anamtaja Khole kwa jina, anayataja majumba, na anajutia alilolifanya. Anaeleza hata jinsi mapenzi yale yalivyoingia ubaridi alipopatana na Majid. Kila mtu aliyekuwa hai angeweza kumsuta. Na Shaaban Robert, alipoandika maisha ya Siti binti Saad baada ya kuonana naye, hakujifanya Siti. Juu ya kitabu liko jina la mwenye maisha na jina la mwenye kalamu, kila moja mahali pake.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe, kwa kuwa hatuna haki ya kumhukumu mwanamke aliyekufa mbali ilhali yetu tumeyakalia.

Mwaka 2004, katika kuadhimisha miaka 40 ya Mapinduzi, tulipewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya tawi moja la shamba. Tulikuwa vijana, wenye haraka na wenye kupenda kisa kizuri. Tulimwendea bibi mmoja akatusimulia habari za Juni 1961, wakati wa ghasia za uchaguzi, njia zikiwa hazipitiki kwa salama. Michango ya tawi ilitakiwa ifike mjini. Ilishonwa katika upindo wa buibui, na mwanamke akaenda nayo kwa miguu na kwa gari ya shamba, akapita katikati ya watu wenye mapanga, akaifikisha yote. Bibi yule alisimulia vizuri mno. Tukaandika, tukampa jina lake, kijitabu kikapigwa chapa na kugawiwa.

Siku ya sherehe alitufuata bibi mwingine, mfupi, mwenye sauti ya chini, akatushika mkono. "Mwanangu," alisema, "kitabu chenu kizuri. Lakini buibui lile lilikuwa langu."

Tuliwakutanisha, tukidhani kutazuka ugomvi. Walikuwa mashoga wa miaka hamsini, mlango kwa mlango. Yule wa kwanza hakukana. Alitutazama kama watu tusioelewa jambo dogo, akasema, "Mimi ndiye niliyeushona upindo, na usiku kucha sikulala mpaka aliporudi. Mimi na yeye ni kitu kimoja." Na yule wa pili akacheka, akasema yaishe.

Sisi nasi tukafurahi kwamba yameisha. Kusahihisha kulikuwa na gharama, na ofisini tuliambiwa kwamba wenyewe wamekwisha kupatana. Bibi mwenye buibui alifariki miaka michache baadaye. Katika hitima yake mjukuu wake alituuliza, bila ya ukali, kwa nini kijitabu kina kisa cha bibi yake na jina la jirani. Hatukuwa na jawabu la kumpa. Mapenzi ya mabibi wale wawili yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomfanya mmoja akasema "mimi" mahali pa "yeye", na mwingine akanyamaza. Lakini mapenzi yao hayakutupa sisi, tulioshika kalamu, ruhusa ya kuandika hivyo. Kazi yetu ilikuwa kuuliza swali moja tu: Bibi, wewe ulilivaa buibui hilo, au ulilishona? Na kushona peke yake kulikuwa kunatosha kuandikwa.

Tunayasema haya wakati ambapo wazee wa miaka ile wamebaki wachache, na ofisi mbalimbali, za chama na za serikali, zina hamu ya kurekodi sauti zao kabla hazijapotea. Hamu hiyo ni njema. Ila tumepata kuhudhuria mikutano ambayo kila mwaka idadi ya waliokuwapo usiku wa Januari 1964 huongezeka, mpaka mtu anajiuliza nani alibaki nyumbani. Wanaume husimama wakajitaja. Wanawake aghalabu hutajwa na wengine, au hutajwa kama "kina mama" kwa jumla, na sifa ya kumi hupewa mmoja aliye karibu na kipaza sauti. Afisa anayekwenda kurekodi na aende na daftari la pili. Humo aandike nani mwingine alikuwapo, yu hai au la, anakaa wapi, kisha aende kwake kabla ya kupeleka maneno kwa mpiga chapa. Akikuta wawili wanahitilafiana, aziandike kauli zote mbili, asichague ile tamu. Ni kazi ya siku mbili zaidi na nauli ya shamba, na tunajua bajeti inavyokuwa. Hata hivyo nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya karatasi ya jalada.

Msomaji mwepesi atatukamata: mbona ninyi wenyewe hamkuwataja mabibi hao wawili? Ni haki yake. Mmoja ana jamaa ambao hatujawapata kuwaomba ruhusa, na wa pili ana wanawe ambao hawajui kwamba mama yao aliwahi kusahihishwa. Tukiwapata na wakiridhia, tutayachapisha majina yote mawili katika ukurasa huu, pamoja na kazi ya kila mmoja.

Nakala moja ya kijitabu kile ingalipo katika kabati la tawi. Mwezi uliopita tulikwenda tukaiomba kwa katibu, tukaufungua ukurasa wa kumi na moja, na pembeni ya kisa cha buibui tukaandika kwa kalamu jina la aliyelivaa, jina la aliyeushona upindo wake, na tarehe tuliyoandika. Wino wa chapa umeanza kufifia.